Moto Yenye Kambere Alichunga

Hii habari nilisikia kwa Virginie mwenyewe, siku ya mungu moja, kiisha misa, tulikuwa tunachambua maharagi kwangu. Ilikuwa ule mwaka radio ilisema vita imeisha, na siye tukaulizana: imeisha fasi gani? Virginie alianza kuelezea, akacheka mupaka maharagi ikamutoka mu mikono, kiisha akafuta macho na pembe ya kitambaa. "Mama," akaniambia, "nitakuelezea yote, mais usiniulize nacheka juu ya nini." Sikumuuliza. Utaona weye mwenyewe.

Virginie iko na kaka yake, anaitwa Kambere. Ni mwanaume muzima, ndevu imejaa, na mabega ya kubeba gunia ya biazi bila kuita mutu. Lakini akili yake inatembea na miguu wakati ya wengine inapanda pikipiki. Inafika, mais inafika nyuma, na inapita paka ku njia yenye ulimuonyesha na kidole. Ukimuelezea kitu yenye haionekane, anakuangalia sawa vile mutu anaangalia duka yenye imefungwa. Majina ya batu pia haikae mu kinywa yake. Hata dada yake anamuita "weye". Mais ukimupatia kazi yenye mukono inagusa, hautapata wa kumupita mu Masereka yote.

Na Masereka njo kwao. Kule juu, kwenye baridi na biazi, batu balikuwa bamezoea Kambere sawa vile banazoea kilima. Kulikuwa sheria moja yenye kila mutu aliijua: ukiweka Kambere ku kazi, ni weye mwenyewe utakuya kumutosha. Siku moja ya soko, mwanaume mumoja alimushikisha kamba ya mbuzi. "Shika kidogo, nakuya," akasema, akaenda kunywa kasiksi. Ile kasiksi ilikuwa muzuri. Mvua ikanyesha, soko ikatawanyika, mbuzi ikalala, Kambere akabakia amesimama na kamba mu mukono. Dada yake akamuambia aache. Hapana. Padri akamuambia aache. Hapana. Ilibidi baende kuamusha ule mulevi kwake, bamulete bamemushika huku na huku, aseme na kinywa yake: "Kambere, basi." Njo akaachilia. Tangu pale batu ba Masereka balikuwa banawaza mara mbili mbele ya kumuambia "shika". Hata bale benye habakuwa na zoezi ya kuwaza hata mara moja.

Sasa, wakati basoda ba kundi moja balikuwa banafukuza basoda ba kundi ingine mu milima yetu, na kundi ya tatu inafukuza zote mbili, risasi ilikuta baba yao, muzee Mathe, mu shamba yake. Haikuwa ya kwake, ilikuwa inajipitia. Balimuzika mbio mbio, mais kilio balianza sawa desturi inataka: moto mu kiwanja, banaume pembeni ya moto, banawake jikoni. Na kwetu moto ya kilio haijizimie. Mukubwa wa jamaa njo anaiweka mu mikono ya mutu wa kuichunga, na siku ya kufunga kilio ni ule ule mukubwa anakaa chini, anavua kofia, anamwanga mayi, anasema: marehemu amefika, mulale. Mbele ya pale, mwenye kuchunga moto halale.

Siku ya pili ya kilio, masasi ikaanza kulia karibu. Batu bakatoka kila mutu na njia yake. Virginie alikimbia na mwiko mu mukono, ugali ya obundu ikabakia mu sufuria. Masasi iliponyamaza akarudia kuangalia. Kiwanja iko bure. Biti imepinduka. Na Kambere amekaa pale pale, anasukuma kuni ndani ya moto.

"Kambere! Hukukimbia?"

"Moto," Kambere akajibu.

"Nani alikuambia ukae hapa?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Mwenye aliniambia."

Virginie hakujua ni nani, juu yeye alikuwa jikoni, na pembeni ya moto kulikuwa banaume mingi. Hakukuwa wakati ya kutafuta. Alimuvuta, akakatala, akamupatia nyungu yenye kuvunjika, njo akakubali. Bakashuka Butembo na miguu, Virginie na godoro ku kichwa, Kambere na nyungu, ndani makala ya moto, anaikinga na mukono juu ya mvua. Batu ku njia bakamucheka: "Angalieni huyu! Nyumba ameacha, makala ameleta! Butembo makala ilikosekana?"

Kufika Butembo, bakapata kanyumba ka kupanga na kiwanja kadogo. Kambere akamwanga makala chini, akaongeza kuni, akakaa. Kutoka siku ile, giza ikiingia, yeye iko pembeni ya moto, macho wazi. Muchana anasinzia amesimama, sawa farasi ya mu picha, mais ukigusa kuni tu, jicho inafunguka. Akakonda. Akaanza kuanguka ku njia. Na Virginie pia akawa analala na sikio moja, juu ya kusikia kama kaka yake angali anasukuma kuni.

Mais hii haikuwa tabu ya kwanza. Tabu ya kwanza ilikuwa komanda.

Komanda wa ile kartié, mutaa ya Virginie, alitokea mbali, kule ku mito mikubwa, na Lingala yake ilikuwa inafika mbele ya bunduki. Alikuwa ametangaza: jua ikizama, hakuna moto inje, juu adui ataona fasi ya kupiga. Yeye mwenyewe, ku baryeri yake, fasi ya kufunga njia, alikuwa anawasha moto kubwa kupita zote, kuni yake ni milango ya batu. Labda adui alikuwa na adabu, ile moto hakuiangalia.

Mangaribi moja basoda bakaingia kwa Virginie, bakapiga moto teke, bakapiga Kambere teke. Kambere hakulia. Akafuata makala moja moja na bidole, akairudisha fasi yake, akapuliza. Komanda akaangalia bile bidole.

"Oyo zoba," akasema, maana yake huyu mujinga. Kiisha akageuka kwa Virginie: "Mama, leo nimesamehe. Siku ya posho, jumamosi, nitapita tena. Jua ikizama nikute moto hapa, nitazima moto na mwenye moto."

Virginie akapiga magoti. Komanda akamuambia asichafue kanga, komanda hakosanake na mutu kwa bure. Akaenda.

Jirani njo alimuambia: "Peleka huyu ku Proje."

Nielezee kidogo juu ya hii Proje. Wakati ule kulikuwa neno mupya mu Butembo, trauma, maana yake kidonda ya roho. Ilifika na gari nyeupe, pamoja na bulangeti. Mwanzo batu baliogopa, bakafikiri ni ugonjwa yenye inaambukiza. Kiisha bakaona mwenye iko nayo anapewa sabuni, na kweli ikaanza kuambukiza. Mama mumoja wa kanisa yetu alisema iko na trauma ya magoti. Mwingine alikopa trauma ya jirani yake, akaielezea muzuri kupita mwenyewe, akapata bulangeti mbili. Mwenyewe akapata moja, bakamuambia ajifunze kufunguka.

Kwenye Proje bakapokelewa na kijana moja anaitwa Zacharie, shati ya kupigwa pasi, mutoto wa hapa hapa. Kazi yake alijifunza mu seminere kule Beni, siku kidogo na kuku mingi. Hakuwa mutu mubaya. Balikuwa bamemupatia funguo moja, na yeye alikuwa anaijaribisha ku kila mulango.

"Bwana Kambere," akaanza na sauti ya pole, "maumivu yako, kutoka moja mupaka kumi, iko ngapi?"

Kambere akaangalia mikono yake, akanyoosha bidole yote.

"Kumi! Oh, pole sana." Akaandika.

"Monsieur," Virginie akasema, "iko na bidole kumi. Ukimuuliza iko na bibi bangapi, atakuonyesha kumi."

Zacharie akakohoa, akageuza ukurasa. "Tufunge macho. Tuwazie fasi yenye haina masasi. Kilima ya majani, mayi inapita pole pole, ndege inaimba... Bwana Kambere, unaona nini?"

"Giza."

"Na nyuma ya giza?"

Kambere akafungua jicho moja. "Weye."

Kukakuya zoezi ya kiti. Zacharie akaleta kiti yenye haina mutu, kiti muzuri, na muto mwekundu juu yake, akaiweka mbele ya Kambere. "Hapa, baba yako amekaa. Muongeleshe. Mwambie yote yenye iko mu roho."

Kambere akaangalia kiti. Akaangalia Zacharie na huruma, sawa vile unaangalia mutu wa homa. "Baba tulizika," akamuelezea pole pole, ili asikie muzuri. Kiisha akasimama, akaenda kukaa mu ile kiti, juu yake ya kwanza ilikuwa ya mbao.

Virginie alikuwa anauma kitambaa.

"Likambo te, haina neno," Zacharie akasema, jasho inamutoka. "Tujaribu pumzi. Hakuna mutu anashindwaka pumzi. Vuta... muzuri. Sasa puliza pole pole, sawa unazima mushumaa."

Pale Kambere akaruka. Ule mutu wa pole kabisa akapita juu ya meza, akabandika mukono yake kubwa ku kinywa ya Zacharie. "Hapana zima! Hapana zima!" Kiisha akatoka mbio, akapita kwenye mulango, akapita kati ya bamama benye balikuwa banangojea bulangeti, mupaka kwake, kuangalia kama moto ingali.

Makelele ile ikatosha mukubwa wa Proje mu biro yake. Anaitwa Marie-Jeanne, alitokea Beni, na kitabu kimoja ya kijani ilikuwa haimutoke ku kwapa.

"Zacharie, nilikuambia nini? Kitabu iko wazi, ukurasa ya mbele kabisa. Hii njia ni ya batu benye banaweza kuelezea mawazo yao. Bale ba akili pole, tunabatuma kwenye serivise yao."

"Iko wapi, ile serivise, mama?" Virginie akauliza.

"Bado haijafunguliwa."

"Itafunguliwa lini?"

"Mama, siye tunafanya mambo ya haraka. Mambo ya lini ni ya proje ingine."

"Komanda alisema siku ya posho."

"Ah, kama ni komanda, ile ni sekirite, mambo ya usalama. Ni proje ingine tena." Bakamupatia sabuni mbili juu ya uvumilivu wake, na bakamufungulia mulango na heshima yote.

Ilikuwa siku ya ine, alhamisi. Virginie akaenda kwake akaanza kumenya biazi, juu hata mutu akitaka kuuawa kesho kutwa, leo atakula. Hakumaliza kimoja, akaona Zacharie anaingia mu kiwanja, biatu imejaa matope, ku shavu alama ya bidole ya Kambere.

"Mama," akasema, "nimemuongelesha asubui yote, hakuna neno iliingia. Nikasema 'zima', ikaingia mara moja. Huyu anasikia. Ni miye nilikuwa nasema upepo." Akaangalia Kambere pembeni ya moto. "Nikae?"

"Kaa, mutoto wetu. Umekula?"

"Mu Proje tunakula tu siku ya seminere."

Virginie akamutupia biazi ine, tano, achome. Zacharie akachukua moja, akataka kuisukuma mu majivu. Kambere akamushika mukono. Akamunyanganya kile kiazi, akakigeuza geuza, akakilalisha chini mbali kidogo, akakifunika na udongo kabisa, akapiga piga juu yake na kiganja.

"Baba," akasema.

Zacharie akafungua kinywa, akaifunga tena. Huo ulikuwa usomi wake mukubwa siku ile. Hakuuliza kutoka moja mupaka kumi. Akamusukumia kiazi ya pili, tu vile. Kambere akakiweka pembeni ya moto. Ya tatu, pembeni ya moto. Ingine kadogo akaweka mbali, kwenye Virginie alikuwa anamenya: ile ni jikoni, ni yeye. Akabakia na moja, kubwa kupita zote, ya tumbo. Akaiangalia, ikawa inamukosea kitu. Akatafuta chini, akaokota kizibo ya Fanta mu mavumbi, akakivalisha kile kiazi ku kichwa. Sasa ikaenea. Akakileta karibu na sikio yake, na akatosha sauti yenye haikuwa yake, sauti ya mafuta, ya mutu anasema mu mikutano:

"Moto ya baba yako isizimike, eh! Chunga!"

Virginie akaacha kisu.

Kiisha Kambere akafanya na kinywa: ta-ta-ta-ta! Na kile kiazi ya kizibo ikakimbia. Ikakimbia ya kwanza, mbele ya biazi ingine yote, ikapita kati ya miguu ya Zacharie, ikapita juu ya kaburi ya baba, ikafika ku lupango yenye inazunguka kiwanja, kizibo ikaanguka. Kambere akarudia nyuma, akaokota kizibo, akakivalisha tena, na akaikimbiza tena, mupaka ikapotea mu majani.

Njo pale Virginie alicheka. Alicheka mupaka akaangukia maganda ya biazi, kiisha machozi ikatoka, na haikuwa tena ya kucheka. "Baba mudogo Edmond!" akasema. "Ni baba mudogo!"

Edmond ni mudogo wa marehemu, mufanya biashara, mwenye kofia ya rangi ya kahawa yenye anavuaka tu juu ya kulala, na hata pale tunakisia. Kiisha kifo ya muzee Mathe, yeye njo mukubwa wa jamaa. Tangu masasi ya Masereka hakuonekana. Alituma tu neno kwamba iko Beni, mugonjwa, gari inamuumiza mugongo.

"Edmond wa kofia?" Zacharie akasema. "Mama, huyu namujua! Iko na duka kule Beni, mu kartié Ruwenzori, na kila mara avioni inatua ku kiwanja ya ndege ya Mavivi yeye iko pale kupokea bageni. Njo mutaalamu wetu! Mu seminere alitufundisha asubui muzima: kilio mu desturi ya mababu, namna ya kuifunga, na juu ya nini mutu haruhusiwe kuiacha katikati."

"Mugonjwa?"

"Alikula kuku mbele yangu, mama. Na mifupa."

Ilibakia kumuleta mbele ya siku ya posho jua kuzama. Ukimuita juu ya mutoto wa kaka yake, mugongo itamuuma. Zacharie akaenda kwa Marie-Jeanne, na Marie-Jeanne, mwenye hakuwa na njia ya Kambere mu kitabu, akapata mara moja njia ya Edmond, juu batu ba namna ile alibazoea. Akashika ile radio ya kuongea ya biro, banaita foni, akaita Beni: mutaalamu anaombwa Butembo, kufunga kilio mbele ya batu, picha itapigwa, picha itaenda Ulaya.

Siku ya posho, jua ingali juu, gari nyeupe ikasimama kwa Virginie. Mugongo ilikuwa imepona. Edmond akashuka na kofia yake, na suruali mupya, akatoa mukono ku batu bote sawa mutu anaomba kura. Kiisha akaona nyungu yenye kuvunjika. Akaona moto. Akaona Kambere, mifupa na ndevu, anamuangalia.

"Huyu... iko hai?" akauliza pole pole. "Baliniambia alikufia Masereka."

"Nani alikuambia, baba mudogo?" Virginie akasema.

"Batu."

"Bale batu balikimbia mbio kupita weye?"

Marie-Jeanne akasema tuanze, jua inaanguka mubaya ku picha. Edmond akasimama, akavuta tumbo, akaanza: "Kufuatana na desturi ya mababu na mamlaka yenye tuko nayo, tukizingatia hali ya sasa..." Akasema na Kiswahili, akasema na Kifaransa, akasema mupaka kivuli ya nyumba ikafika ku moto. Virginie hakusikia neno moja, alikuwa anaangalia jua. "...kwa hiyo, kilio hii imefungwa!" Marie-Jeanne akapiga makofi.

Kambere akaongeza kuni.

"Baba mudogo," Virginie akasema, "si vile. Kaa chini. Vua kofia."

"Nikae chini? Mutoto, hii suruali ni ya Kampala!"

"Tunaweza kuleta kiti," Marie-Jeanne akasema. "Kuna ile ya muto mwekundu."

"Chini," Zacharie akasema. "Weye mwenyewe njo ulitufundisha, muzee. Chini, bila kofia."

Bakiwa banabishana vile, bakasikia biatu ku njia. Komanda alikuwa mutu wa saa. Akaingia na basoda babili, na jua ilikuwa inagusa kilima.

Edmond, mwili yake ilikumbuka njia yenyewe. Akageuka mara moja kwenye lupango, fasi ile ile kiazi ya kizibo ilipitia. Mais hakufika. Kambere alikuwa amemushika koti, na mukono ya kushika kamba ya mbuzi.

"Moto ya nani?" Komanda akauliza.

Kambere akanyoosha kidole: "Yake."

"Komanda," Edmond akasema, anavuta koti, "miye ni mugeni hapa, miye ni mutaalamu tu..."

"Nilisema nitazima moto na mwenye moto. Mwenye moto ni weye?"

Hauwezi kuamini vile Edmond alikataa moto ile; Petro mu kiwanja ya kuhani mukubwa alikuwa mwanafunzi tu. Zacharie akaingia kati. "Komanda, ni moto ya kilio. Huyu alimuachia kijana aichunge, na hakurudia kumutosha. Ni yeye tu anaweza kuizima. Mais lazima akae chini."

Komanda akainamia moto. "Ya matanga?" akauliza. "Kwetu pia, ngambo ya mto, moto ya matanga haipigwake teke."

Virginie akakumbuka vizuri ni nani aliipiga teke. Mbele ya bunduki, kumbukumbu inangojea.

"Kaa," Komanda akaambia Edmond.

Edmond akakaa, yeye na Kampala yake. Akavua kofia, na kichwa ikaonekana, upara wa mutu muzee, na alama ya kofia imeizunguka. Bila kofia alifanana na muzee Mathe, Virginie aliniambia. Habakuwa bameiona mbele. Akaanza: "Kufuatana na..." Ikakwama. Mukono yake ilikuwa imegusa kale kalima ka udongo.

"Hii ni nini?"

"Baba," Kambere akasema.

Edmond akaangalia ile kaburi ya kiganja moja. "Mukubwa wangu," akasema, na sauti ya mafuta ilikuwa imekwisha, ikabakia ingine, kadogo, ya mutoto wa Masereka. "Mukubwa wangu, nilikukimbia. Hata mbuzi ilibakia nyuma yangu." Akalia. Hakuna mutu alimupatia bulangeti.

Virginie akamuletea mayi mu kikombe. Edmond akaimwanga ku moto, ikalia shiii, moshi ikapanda. "Mathe amefika," akasema. "Mulale." Kiisha akageuka: "Kambere, basi. Umechunga muzuri. Basi."

Kambere akaachilia koti. Akaingiza bidole mu majivu, huku na huku, akatafuta kama kungali yenye inaishi. Haikuwa. Akageuza nyungu yake mudomo chini. Akapita mbele ya batu bote bila kuaga, akaingia mu nyumba, na kabla Marie-Jeanne hajapata kufungua kitabu, bakasikia anakoroma.

Komanda akaangalia kiwanja: jua imezama, moto hakuna. Amri ilikuwa imefuatwa. Biazi, hata ile ya tumbo yenye Kambere alirudisha kutoka mu majani na kizibo yake, ilikuwa imeiva yenyewe pembeni ya majivu; akachukua ya tumbo, akatupa kizibo, akaikula. "Hii ni muzuri," akasema, akaenda na basoda bake.

"Tumuamushe kidogo tu," Marie-Jeanne akasema, kalamu mu mukono. "Tumuulize kutoka moja mupaka kumi, kiisha alale. Ulaya banataka kujua mbele na nyuma. Tutaita hii Njia ya Moto, tutaifundisha Beni, kila mutu na moto yake."

"Kila mutu na moto yake?" Zacharie akasema. "Madame, bale bengine habana moto. Lazima tukae na kila mutu, tuone yake ni nini."

"Kila mutu! Zacharie, unajua batu ni bangapi?"

Virginie alikuwa amesimama ku mulango ya chumba, mwiko mu mukono, ule ule wa Masereka. Marie-Jeanne akaangalia mwiko, akafunga kalamu.

Basoda balikuwa bamekwisha kufunga njia juu ya usiku, hakuna mwenye angeweza kurudia kwake. Marie-Jeanne akalala ku bulangeti moja ya Proje, akasema inakwaruza, hakujua mbele. Zacharie akalala amekaa, kichwa ku ukuta. Edmond akalala juu ya magunia, kofia imemufunika uso, mais mbele ya kulala aliingia kuangalia Kambere, na akamufunika na lile koti.

Ku njia basoda ba doria bakasimama. "Nani analia mule?" bakauliza.

"Ni Kambere," Virginie akajibu ku dirisha. "Amelala."

"Likambo te," bakasema, bakapita.

Virginie akabakia amekaa ku mulango. Akatega ile sikio yake moja, sawa kila siku, kusikia kuni inasukumwa. Akangoja. Kuni haikusukumwa. Ni kukoroma tu, kule ndani, sawa jiwe ya kusaga mahindi. Akaweka mwiko chini, akalala.